Sindano ya jicho: nilivyotoka kila mwezi hadi wiki 12

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Tanga. Ugonjwa niliuona kwanza kwenye pindo. Mwaka 2021 nilikuwa nashona dera, mshono ukawa unanipindia katikati, ilhali mteja ananiambia umenyooka. Nikabadilisha sindano, nikabadilisha hata taa. Siku nilipofumba jicho la kushoto ndipo nikajua: kwa jicho la kulia, tundu la sindano halipo kabisa, pana ukungu tu.

Nina kisukari tangu 2009. Dar es Salaam walinipiga picha kwa mashine ya OCT, inayoonyesha tabaka za ndani ya jicho, daktari akanionyesha katikati ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), pale panapotuwezesha kusoma na kutunga uzi, pamevimba kwa maji. Sukari huharibu mishipa midogo. Retina ikikosa oksijeni ya kutosha hutoa protini iitwayo VEGF, nayo huifanya mishipa ivuje. Dawa ya sindano huizuia protini hiyo. Lakini dawa haikai jichoni milele. Baada ya wiki kadhaa huisha nguvu, na ugonjwa ukiwa bado upo, maji hurudi.

Nilianzishiwa Avastin, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya saratani ya utumbo mpana, ambayo madaktari wa macho wengi huitumia kwa kuwa bei yake ni nafuu. Sindano yenyewe inatisha kuisikia kuliko kuchomwa. Matone ya ganzi, dawa ya kahawia ya kuua vijidudu (hiyo ndiyo inayowasha), kope zinashikiliwa, unahisi kubanwa kidogo, kwisha.

Kilichonitesa ni barabara. Kila wiki 4 basi la alfajiri, binti yangu aache kazi anisindikize, tulale kwa ndugu, turudi jicho jekundu. Baada ya sindano ya 5 picha ikaonyesha pamekauka. Daktari akasema tuanze kurefusha: wiki 6, kisha 8. Mimi nikaelewa nimepona. Sikuelezwa zaidi, nami sikuuliza. Wiki 8 za pili zilipotimia nilikuwa na oda za harusi, naona vizuri, nikajiongezea mwenyewe. Ikapita miezi 5.

Niliporudi maji yalikuwa mengi kuliko mwanzo. Daktari hakunigombeza. Aliziweka picha mbili pamoja, akasema: "Mama, mimi narefusha kwa kuangalia picha. Wewe umerefusha kwa kukisia." Nililia pale pale. Kumbe jicho linaweza kuvimba kabla mwenyewe hujaona tofauti yoyote, na likikaa na maji muda mrefu, kuna uoni usiorudi tena. Wangu haukurudi wote.

Tukaanza upya, wiki 4. Safari hii niliuliza kila kitu. Pakiwa pakavu, anaongeza wiki 2. Maji yakirudi, anapunguza. Kwa hiyo hata mara ambayo picha ni nzuri, sindano unachomwa, ili pabaki pakavu mpaka tarehe inayofuata. Hilo ndilo nililokuwa sijalielewa, na ningependa kila anayeanza aelezwe siku ya kwanza.

Nyumbani nina daftari la hesabu la miraba. Kila asubuhi nafumba jicho moja, naangalia mistari, kisha jingine. Mistari ikipinda napiga simu, sisubiri tarehe. Na jicho likiuma sana, likazidi wekundu au likafifia siku chache baada ya sindano, hiyo ni hatari ya maambukizi, unakwenda siku hiyo hiyo. Sukari nayo nimeikazania: kipimo cha wastani wa sukari wa miezi 3 (HbA1c) kimeshuka kutoka 10.2 hadi 7.4, na vidonge vya presha siviruki tena.

Tulipanda 6, 8, 10, 12. Tulipojaribu 14 maji kidogo yakaonekana, tukarudi 12, na hapo ndipo jicho langu linapotulia. Daktari amenitajia dawa mpya kama faricimab, ambayo kwa baadhi ya wagonjwa hufika wiki 16. Bei yake bado siiwezi.

Safari zilizokuwa 13 kwa mwaka sasa ni 4 au 5. Binti yangu ameacha kuomba ruhusa kila mwezi. Tarehe ijayo nimeiandika kwa chaki ukutani, juu ya cherehani, na oda za wiki ile sipokei.