Nilivyopata epoksi inayopitisha umeme
Nilihitaji epoksi (plastiki ngumu inayotokana na kuchanganya resini na kigumishi) isiyokusanya umeme tuli, lakini ibaki nyepesi na ngumu. Masizi ya kawaida ya kaboni yangeweza kunisaidia, ila huhitaji kutiwa kwa wingi hadi resini, yaani epoksi kabla ya kuganda, inakuwa nzito na kuimimina kunakuwa adhabu. Nikachagua nanotyubu za kaboni, mirija midogo mno isiyoonekana kwa macho, zile ambazo Sumio Iijima alizieleza mwaka 1991.

Hesabu ndiyo iliyonipa moyo. Chembe za duara zikisambaa ovyo huhitaji takriban asilimia 16 ya ujazo ili zishikane kutoka upande mmoja hadi wa pili. Nanotyubu ambayo urefu wake ni mara 1,000 ya unene wake hukutana na nyingine mapema mno, kwa hiyo kizingiti hicho hushuka chini ya asilimia 1, pengine hata chini ya 0.1. Kabla ya kizingiti epoksi ni kihami, yaani haipitishi umeme. Ukikivuka kidogo tu, upitishaji wa umeme hupanda mara mamilioni.

Kazi yote iko kwenye kuchanganya. Nanotyubu huja zimesokotana kama nywele zisizochanwa, zikishikiliwa na kani za van der Waals, yaani mvutano hafifu kati ya molekuli. Mawimbi ya sauti ya masafa ya juu huzitenganisha upesi, lakini huzikatakata pia, na zikishakatika ule urefu uliozinunulia umekwenda. Nilitumia mashine ya roli tatu. Resini hupita kwenye mwanya kati ya roli zinazozunguka kwa kasi tofauti, na mabonge yanachanika bila nanotyubu kukatika sana. Nilianza na mwanya mpana, nikaupunguza taratibu hadi mikromita 5. Kigumishi nilikitia mwisho kabisa. (Poda kavu haichezewi: vaa barakoa ya kuchuja chembe laini, au ununue iliyokwisha kuchanganywa na resini.)

Hapa ndipo wengi hupitiliza. Kwa uimara wa kipande, kadiri nanotyubu zinavyotawanyika ndivyo bora. Umeme una matakwa yake mengine. Kila nanotyubu ikizungukwa kabisa na polima (yaani epoksi yenyewe), elektroni hulazimika kuruka pengo, na uwezekano wa kuruka huporomoka kadiri pengo linavyopanuka. Likizidi nanomita chache, sahau. Kwa hiyo, baada ya roli, niliikoroga resini polepole ikiwa na joto. Joto huifanya iwe majimaji zaidi, nanotyubu zikapata nafasi ya kusogeleana tena na kujisukia mtandao. Kisha nikaiacha igande kwenye tanuri bila kuigusa.

Katika kupima, nilitumia ncha nne badala ya mbili ili ukinzani wa mguso usiingie kwenye hesabu, na sehemu za kugusia nilizipaka rangi yenye madini ya fedha. Nilipochora logi (logarithimu) ya upitishaji dhidi ya logi ya kiasi kilichozidi kizingiti, mstari ulinyooka, mteremko ukiwa karibu na 2, kama nadharia ya mtandao wa pande tatu inavyotabiri. Ukizidi kuongeza nanotyubu, faida inakuwa ndogo huku mchanganyiko ukinasa viputo ambavyo hata pampu ya kuondoa hewa haivimalizi, kwa hiyo nilisimama juu kidogo tu ya kizingiti. Anayetaka epoksi angavu atafute njia nyingine: hata kwa kiasi hicho kidogo, kipande hutoka cheusi tititi.