Duara lililovutika upande mmoja

Wiki iliyopita, katika maabara ninayofanyia kazi hapa Chake Chake, nilitoa kwenye inkubeta sahani iliyooteshewa bakteria wa mkojo wa mama mmoja kutoka Micheweni, aliyekuwa amechomwa seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, siku tatu bila ya kupata nafuu. Bakteria aina ya E. koli walikuwa wametanda kama ukungu hadi kuikaribia diski ya seftriaksoni, kijikaratasi chenye upana wa milimita 6 kilicholowekwa dawa hiyo, isipokuwa upande unaotazama diski ya amoksilini na klavulaneti, ambako palibaki uwazi uliovutika kuelekea huko.

Bakteria wanaotoa alama hiyo hutengeneza vimeng'enya vinavyoivunja seftriaksoni kabla haijafanya kazi, na klavulaneti huvizuia vimeng'enya hivyo, ndiyo maana dawa ilirejewa na nguvu pale zilipokutana. Kumwongezea mgonjwa dozi ya dawa ile ile kusingemfaa kitu. Nilimpigia simu daktari wa zamu kabla sijamaliza kuandika majibu, naye, baada ya kuhakikisha kwamba figo za mama huyo ni nzima, akambadilishia amikasini, ambayo duara lake, yaani uwazi usioota bakteria kuizunguka diski, lilikuwa pana.

Kipimo hiki hakiharakishwi. Usiku wa kwanza ni wa kuotesha, wa pili ni wa diski, saa 16 hadi 18 katika nyuzi 35 za Selsiasi, na agari, yaani jeli ya kuoteshea bakteria, lazima iwe na kina cha milimita 4, kwa sababu ikiwa nyembamba duara hupanuka na bakteria sugu huonekana kana kwamba dawa inamuweza. Mgonjwa aliyezidiwa hawezi kusubiri siku zote hizo, wala hatumwambii daktari asubiri. Tunachomwomba ni kwamba sampuli ichukuliwe kabla ya sindano ya kwanza, hasa ya damu, kwani dawa iliyokwisha kuingia mwilini huweza kuzuia vimelea wasiote, nasi tukaandika "hakuna kilichoota" ilhali mtu bado anaumwa.

Kwa mama huyu, mkojo uliombwa siku ya tatu, na nafasi ya dawa alizokwisha kutumia iliachwa tupu kwenye fomu. Nilitoka nje kumuuliza binti yake aliyekuwa kwenye benchi. "Amoksilini tulinunua dukani wiki mbili nyuma, dada," akaniambia, akafungua mkoba na kunionyesha pakiti iliyobaki vidonge vinne.