Diski Inaandika, Mauzo Hakuna

Kila jioni, maduka ya Kariakoo yanapofunga hesabu, chati ya diski ilikuwa inapaa ghafla halafu inashuka yenyewe. Natunza hifadhidata ya PostgreSQL iliyoko kwenye wingu, inayohudumia maduka ya jumla ya vitenge. Kilichonikosesha usingizi ni kwamba uandishi ndio uliopanda, na saa hizo mauzo mapya ni machache mno. Diski ya kukodi ina kikomo cha shughuli kwa sekunde; kikifikiwa, hata risiti ya mstari mmoja hupanga foleni. "Kaka, mama wa Mtaa wa Kongo anasema risiti haitoki," mwenzangu wa huduma kwa wateja ananiandikia, nami sina jibu.

Nilianza kushuku chekipointi, ambayo kwa kawaida huja kila dakika 5 na kumwaga kurasa zilizobadilika kwenye diski. Logi, yaani kumbukumbu za seva, zikaonyesha mwendo ule ule mchana na jioni. Autovacuum, kazi ya usafi inayoondoa safu zilizokufa, nayo haikuwa kazini nyakati hizo.

Ndipo nikalinganisha temp_bytes, hesabu ya data iliyoandikwa kwenye faili za muda, katika jedwali la takwimu la pg_stat_database, kabla na baada ya jioni. Ilikuwa imeruka kwa gigabaiti nyingi. Nikaweka mpangilio wa log_temp_files kuwa 0, ili kila faili ya muda iandikwe kwenye logi pamoja na kweri (ombi la data) iliyoizaa. Mhusika akajitokeza: ripoti ya mauzo ya mwaka mzima, ambayo wenye maduka huifungua karibu wakati mmoja wakifunga hesabu.

Ripoti inasoma tu, haiandiki mauzo yoyote. Lakini PostgreSQL ikipanga safu zisizoenea katika work_mem, kikomo cha memori ya kupangia, ambacho huja kikiwa megabaiti 4, hutumia diski kupangia, kama muuza vitenge mwenye meza finyu anayeshusha marobota sakafuni.

Wengi watakushauri uongeze work_mem kwa wote. Mimi sikubali. Kiasi hicho ni cha kila hatua ya kupanga, katika kila muunganisho, na wateja wakijaa seva inaweza kuishiwa memori. Nilimwongezea mtumiaji wa ripoti peke yake hadi megabaiti 64. Kilichosaidia zaidi ni indeksi, yaani faharasa, ya duka na tarehe: safu sasa zinasomwa zikiwa zimeshapangwa. EXPLAIN ANALYZE, amri inayoonyesha jinsi kweri ilivyotekelezwa, haionyeshi tena "external merge", yaani kupanga kwa kutumia diski, na risiti zinatoka hata saa ya kufunga. log_temp_files nimeiacha iwake, ila kwa faili zinazozidi megabaiti 10.