Mrija uliotoboka huku unang'aa

Juzi nilifungua kipoza mafuta cha boti moja ya uvuvi pale Deep Sea, hapa Tanga; maji ya bahari hupita ndani ya mirija yake na kupoza mafuta ya kulainisha. Nahodha alikuwa ameona mafuta yakielea kwenye maji yanayotemwa ubavuni. Mirija ilikuwa stenlesi 316, aina ya chuma cha pua, haijatimiza miaka miwili. Nikapasua mmoja kwa msumeno. Upande wa chini tope la kijivu limelala. Nikalifuta kwa kidole, chini yake kidoti cha kutu, kadiri ya kichwa cha pini. Nikachokonoa kwa sindano, ikazama. Mdomo mdogo, tumbo kubwa.

"Fundi, si waliniambia haishiki kutu?"

Haishiki ikiwa safi na maji yanatembea. Boti hii ilikaa wiki tatu ikisubiri nyavu, maji chumvi yamo ndani. Chini ya tope hewa haifiki, kwa hiyo ule utando mwembamba wa kromiamu unaoikinga haujijengi tena, na kloraidi ya ile chumvi inachimba palepale.

Mimi kwa maji yetu naweka kopa-nikeli ya 90/10: shaba tisini, nikeli kumi, na chuma kidogo. Wapo wanaong'ang'ania shaba tupu kwa kuwa inapitisha joto vizuri, wati karibu 400 kwa mita kwa digrii, ambapo kopa-nikeli ni 50 hivi na stenlesi 16. Lakini ukuta wa mrija ni milimita moja tu! Joto linazuiwa zaidi na uchafu ulioganda. Tena shaba tupu ni laini, maji ya kasi huila, hasa pale kwenye mdomo yanapoingilia. Kopa-nikeli inavumilia, na viumbe wa baharini hawapendi kuishika.

Adui wake ni harufu ya yai viza. Ukipita karibu na mikoko maji yakiwa yamekupwa unaijua: ni salfaidi kwenye tope jeusi. Mrija mpya ukinyweshwa maji hayo kabla haujafanya ngozi yake ya kahawia ya kujikinga, umekwisha. Ndiyo maana nikamsihi nahodha, wiki za mwanzo injini iwashwe kwenye maji safi, na kila akitia nanga kwa siku nyingi kipoza kisafishwe kwa maji yasiyo na chumvi.

Titaniamu nayo maji ya bahari hayaigusi, ila ukiifunga kwenye bamba la brasi, lile linaloshika ncha za mirija, linaloliwa ni bamba. Nilimtajia bei, akatazama baharini.

Leo nimemaliza kutanua ncha za mirija mipya. Kijana wake alikuja na madumu mawili ya maji ya bomba, akayapanga kando ya injini bila kuambiwa.