Seti Ziko Kwenye Leja, Mezani Hazipo

Hapa Arusha, vifaa vya upasuaji vikipungua, wazo la kwanza huwa kuagiza vingine kutoka Bohari ya Dawa, ambayo ofisi yake ya kanda iko Moshi, au kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa, pale bohari inapokosa. Kuagiza ni sawa, lakini kwa maoni yangu upungufu mwingi tunaoulalamikia hauanzii kwenye ununuzi. Unaanzia kwenye mzunguko.

Dawa hutumika ikaisha, ilhali koleo la kubania mishipa hutoka mezani likaoshwa, likakaguliwa, likakaushwa, likafungwa pamoja na wenzake, likaingia kwenye otoklevu (mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke), kisha likasubiriwa lipoe. Tuseme safari hiyo inachukua saa 4 na hospitali ina seti 3 za upasuaji wa uzazi: mama wa nne akifikishwa kabla ya saa hizo kutimia atakuta kabati tupu, ingawa leja ya stoo inaonyesha seti zote zipo. Ndiyo maana nasisitiza kila seti iwe na namba na orodha yake, na daftari lionyeshe iko wapi na nani aliifunga.

Huku kwetu milimani kuna jambo jingine. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo otoklevu ya zamani inayoendeshwa kwa kusoma geji, ikiwekwa pauni 15 kwa inchi ya mraba kama pwani, haifikii nyuzi 121 za Selsiasi. Inahitaji kuongezwa zaidi kidogo ya pauni 2. Kiashiria, yaani alama ya kwenye pakiti inayoonyesha kuwa joto limefika, kisipobadilika rangi, seti nzima inarudi mwanzo, na saa 4 zinakuwa 8.

Uoshaji nao hauvumilii kucheleweshwa. Ukifungua kiungo cha koleo kwenye mwanga utaona damu iliyogandia mahali ambapo mvuke hauwezi kupenya, na maji ya chumvi yakiachwa usiku kucha hutoboa vishimo vya kutu hata kwenye chuma kizuri.

Naomba sana utepe wa kiashiria, vitambaa vya kufungia na mafuta ya viungo vipewe kifungu chao katika bajeti ijayo, visisubiri salio la mwisho wa robo mwaka, kwa sababu utepe ukiisha hakuna muuguzi anayeweza kutofautisha kwa macho pakiti iliyotakaswa na ile ambayo bado.