Kupiga video shamba la mwani: kamera ifuate maji

Kabla ya kamera, tafuta kalenda ya mwezi. Mashamba ya mwani ya Paje, Jambiani na Bwejuu yanashughulikiwa wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Maji mafu yakiingia, yaani siku ambazo maji hayakupwi sana, vigingi vinavyoshika kamba za mwani vinabaki majini na wakulima, wengi wao wanawake, wanafanya kazi za nyumbani. Hapa Unguja kupwa ya bamvua huangukia karibu saa nne au saa tano asubuhi, na kila siku husogea mbele kwa dakika 40 hadi 50. Kwa hiyo ule mwanga laini wa alfajiri, kipenzi cha wapiga picha, usahau: saa hiyo shamba limezama. Sura na mikono ichukuliwe siku za mwanzo za bamvua, maji yanapotoka mapema na jua bado liko upande. Siku za mwisho jua liko utosini. Hizo ni za sauti na picha pana.

Ruhusa huanzia kwa sheha, kiongozi wa shehia, kisha kwa wenye mashamba wenyewe, kila mmoja kwa safu zake. Kibali cha kurekodi kiko Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni, BASSFU. Droni ina utaratibu wake wa anga, na kwa maoni yetu iachwe: kutoka juu kilimo cha mwani kinageuka zulia zuri, mgongo ulioinama hauonekani.

Sheria moja haina mjadala: usiombe mtu arudie. Saa chache za kupwa ndizo za kuvuna, kufunga kamba mpya, kukaza vigingi vilivyolegea na kubeba magunia hadi pwani. Ukimsimamisha mama mmoja nusu saa ili atembee tena mbele ya lenzi, umekula sehemu ya mavuno yake. Kama umekosa tendo, lingoje kwenye kamba inayofuata. Muda wake ulipwe kwa makubaliano ya mapema, si kwa noti ya kuaga.

Tendo lenye thamani kubwa ni kufunga mbegu, na mara nyingi hufanyika nchi kavu, kivulini. Kipande cha mwani kinashikwa kwa taitai, kile kikamba chembamba kilichopitishwa kwenye kamba kuu, kisha fundo, kisha kipande kingine kama shubiri moja mbele. Taitai ikilegea, wimbi linachukua mbegu. Ikikazwa mno, inakata shina. Weka kamera usawa wa goti, lenzi ya milimita 50, na uiache kamba nzima ifungwe bila kukata. Ukirekodi umesimama utapata ushungi na mabega tu.

Baharini, zima fokasi ya kujiendesha: viwimbi vinaivuruga na picha inapumua ndani nje. Mwangaza nao uweke kwa mkono, ukipima uso. Mchanga wa pwani ya mashariki ni mweupe mno, na kamera ikiachiwa yenyewe itafanya nyuso kuwa vivuli. Afadhali mchanga uungue kidogo kwa mwanga. Kichujio cha polaroidi kinakata mng'ao ili mwani uonekane chini ya maji, lakini kisizungushwe hadi mwisho, la sivyo maji yanapotea na watu wanaonekana wanatembea hewani. Lenzi hubadilishwa pwani, si juu ya maji. Miguu ya kamera ioshwe kwa maji ya mfereji siku hiyohiyo, maana chumvi ikikauka kwenye viungio, vinaganda. Pita nje ya safu. Kamba ikikanyagwa, mbegu zinang'oka.

Kadi zihesabiwe mapema: video ya megabiti 100 kwa sekunde inakula gigabaiti 45 kwa saa. Kamera nyingi za picha, hasa za zamani, hukata zenyewe karibu na dakika 30, na juani kamera hupata joto zikazimika, basi mwavuli ni sehemu ya vifaa.

Kusi likivuma, pwani hii iko wazi kabisa na maikrofoni isiyo na kifuniko cha manyoya cha kuzuia upepo italeta ngurumo tupu. Sauti nzuri iko chini: vidole kwenye nailoni, maji ya magotini, gunia linalochuruzika. Soga za akina mama ni zao. Waulize zipi zibaki, na waulize baada ya kuzisikia.

Usiache uanikaji. Jua likiwa kali mwani hukauka kwa siku mbili au tatu, ukigeuzwageuzwa, na manyunyu yakija ghafla kila mtu anakimbia kuanua, kwa kuwa maji ya mvua yanaushusha ubora. Kamera iwe tayari kwa hilo, au uiweke chini ukasaidie.

Kazi hii inafaa skrini mbili: moja mikono, nyingine maji yakijaa kwa muda wake halisi. Onyesho la kwanza liwe kijijini, baada ya Isha, kwenye shuka jeupe. Jenereta iwekwe mbali upande wa chini ya upepo, spika zisogezwe karibu na waliokaa mkekani, na muda ubaki wa kuondoa kipande ambacho aliyerekodiwa mwenyewe atasema hakitaki.