Nilivyomwongezea damu mwanangu baada ya malaria

Mwanangu alianza kula udongo akiwa na mwaka mmoja na miezi minane. Tulikuwa Bahi kwa bibi yake, wakati wa mavuno ya mpunga, na nyumba ni tembe. Kila nikigeuka namkuta ukutani, anabandua tope kwa kucha na kulilamba. Nikafungua kiganja chake, nikakiweka karibu na changu: cheupe kama karatasi. Mama mkwe akasema, "Huyu hana damu, mwanangu. Usingoje."

Nikakimbilia duka la dawa, nikanunua dawa ya maji ya kuongeza damu na kumpa kijiko asubuhi na jioni. Siku ya nne usiku homa ikapanda. Sisemi dawa ndiyo iliyoleta homa. Mbu wa majaruba wapo tele, na chandarua chetu kilikuwa kimechanika. Kosa langu ni kumpa dawa kabla hajapimwa.

Zahanati walimtoboa kidole, kipimo cha haraka kikatoa mistari miwili. Malaria. Wingi wa damu 7.6. Nesi akanisimamisha ile dawa ya maji, akatupa dawa ya mseto ya siku 3. Kila dozi niliiyeyusha kwenye maji kidogo, kisha nikamnyonyesha, nikamshika mapajani mpaka nihakikishe hatapiki.

Homa ilipoanza kushuka nikampeleka Dodoma mjini apimwe chuma, yale madini ya kutengenezea damu yaliyomo kwenye ile dawa ya maji. Feritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini, ikaja 71. Ghala limejaa! Sasa udongo anautafutia nini?

Daktari wa watoto alinifafanulia kwa subira, na hapa ndipo ningependa kila mzazi apasikie. Feritini ni ghala la chuma, lakini mwili ukipambana na ugonjwa hupanda yenyewe, hata ghala likiwa tupu. Ini nalo humwaga homoni iitwayo hepsidini, inayofunga mlango wa chuma tumboni na kukizuia kilichomo kwenye seli kisitoke. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ile dawa yangu iliishia chooni. Kipo kipimo kingine, cha vipokezi vya transferini. Transferini ndiyo inayobeba chuma kwenye damu, na seli yenye njaa ya chuma huotesha vipokezi vingi vya kuidaka. Baadhi hukatika, vikaonekana kwenye damu. Homa haivisumbui sana kama feritini. Lakini malaria ikishavunja chembe nyekundu, uboho hukazana kutengeneza nyingine, na vipokezi huongezeka hata kwa mtoto asiyepungukiwa chuma.

"Mama, siku za malaria hakuna namba moja ya kutegemea," aliniambia. "Rudi baada ya wiki nne."

Wiki nne za kumtazama mtoto mweupe vile ni ndefu. Kilichonituliza ni habari ya Pemba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa watoto waliopewa chuma na asidi ya foliki kila siku, bila kuchaguliwa, walilazwa au kufariki kwa asilimia 12 zaidi ya wasiopewa. Ila kwenye kundi lililofuatiliwa kwa karibu na kutibiwa malaria, wale waliopungukiwa chuma kweli walinufaika.

Tuliporudi alipimwa kwa darubini, maana kipimo cha haraka huweza kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Hakuna vimelea. Wingi wa damu 9.1. Feritini 8: kumbe ghala lilikuwa tupu kweli.

Sasa akaandikiwa chuma kulingana na uzito wake, kwa miezi 3. Nilimpa na maji ya ubuyu, kwa sababu vitamini C yake husaidia chuma kuingia, na chai niliikata kabisa. Kinyesi kilikuwa cheusi, nilishaambiwa, sikushtuka. Kwenye mlenda nikaongeza dagaa wa kusaga. Chandarua kipya chenye dawa tulikifunga siku ileile tuliyorudi.

Mwezi wa tatu wa dawa, wingi wa damu ulifika 11.4. Yale mashimo ya ukutani mama mkwe ameyaziba kwa tope jipya, na mtoto hajayagusa.